Alhamisi ya Anselme

Wanangu wa service, idara yetu ya kompyuta,

Siku ile ya kuniaga mliniomba niandike niliyoyaona kazini, nanyi nadhani mlisema hivyo kwa adabu tu, mkijua wazee husahau. Sikusahau. Mstaafu wa Bujumbura siku hizi, mafuta ya gari yakiwa hadithi na umeme ukija kama mgeni asiyetoa taarifa, ana muda mwingi wa kukaa na mambo yake. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na havikuwa na ladha. Mshahara nauacha pia, maana mnaujua, ndio huohuo wenu. Nitaandika juu ya Akiba, programu ya dawa tuliyoilea ndani ya kampuni kwa miaka mingi, na jinsi malezi hayo yalivyokwisha huku watu wakipiga makofi.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Buyenzi. Baba yangu alikuwa fundi wa injini, na nyumbani kwetu tulikula, tukalala na kuswali katikati ya harufu ya grisi. Kwake nilijifunza jambo moja ambalo shule haikunifundisha: mashine haifi siku inapozimika, hufa siku ile mtu anapoacha kuifungua na kuiangalia. Nilipoajiriwa kwenye kampuni ya usafirishaji na maghala, kule karibu na bandari, sikuwa na elimu ya kompyuta. Niliajiriwa kuandika tu: magunia mangapi yameingia, mangapi yametoka, ya nani.

Siku ya kwanza walinikabidhi kwa Anselme, aliyesimamia kompyuta. Alikuwa mrefu, mwembamba, Mkatoliki wa Mutanga Sud aliyesoma chuo kikuu palepale jirani na kwao, na shati lake halikutoka nje ya suruali hata siku za joto la kuua. Nilidhani ataniwekea kompyuta mbele. Akanipa brashi ya kupakia rangi.

“Mwajuma, hii ndiyo kazi yako ya kwanza. Hapa kuko vumbi ya simenti kila pahali. Mashini inapumua kama mutu. Isipopumua, inakufa, na patron anasema ni sisi.”

Basi nikafungua kompyuta zote za ghala moja baada ya nyingine, nikazipiga brashi, na jioni nilirudi Buyenzi mweupe kama mwokaji mikate. Baba aliponiona alicheka mpaka akakohoa. Akasema kumbe amenisomesha ili nije kufanya kazi yake.

Akiba haikuanza kwa sababu kubwa. Kampuni ilikuwa na zahanati ndogo ya wafanyakazi, na muuguzi aliandika dawa kwenye fishi, yale makaratasi magumu ya kupangwa ndani ya sanduku. Mvua ilivuja, fishi zikashikana, dawa za nyuma ya kabati zikaharibika huku za mbele zikiagizwa upya. Anselme alichoka kusikia wapakiaji wakirudishwa bila dawa. Akaandika programu ya kuonyesha dawa iliyopo, itakayoharibika karibuni na inayopaswa kuagizwa. Ilipofanya kazi, alikwenda kwa mkurugenzi wetu wa wakati huo, Mzee Léopold, akamwomba ruhusa ya kuiachia dunia nzima: yeyote aichukue, aisome ndani, airekebishe, asilipe kitu. Hiyo ndiyo inaitwa programu huria. Mzee Léopold alikuwa mfanyabiashara, alivua miwani.

“Sasa, Anselme, sisi tunapata nini?”

“Patron, tukiifunga, ni sisi peke yetu tutaitengeneza mpaka tuchoke. Tukiifungua, watu wengine nao wataiangalia. Kazi inapunguka, quoi.”

“Na wakiichukua, wakakimbia nayo?”

“Wakimbie nayo. Yetu itabaki hapa.”

Mzee alifikiri kidogo akaruhusu. Nadhani aliruhusu kwa sababu hakuona hasara, na hiyo ni sababu nzuri kuliko nyingi nilizozisikia baadaye.

Anselme ndiye aliyeniondoa kwenye magunia. Siku moja aliniuliza kama najua kusoma kwa sauti. Nikamwambia nimekulia madrasa ya Buyenzi, kusoma kwa sauti ndiko nilikoanzia. Akafurahi sana. Alikuwa na sheria yake ambayo sijaiona pengine popote: hakuna mabadiliko yanayoingia ndani ya Akiba kabla watu wawili hawajayasoma kwa sauti, mmoja akisoma, mwingine akisikiliza, mstari kwa mstari, mpaka nukta ya mwisho. Alisema jicho huruka, lakini ulimi haujui kuruka. Mimi nilikuwa msomaji. Mwanzoni nilisoma bila kuelewa kitu, kama watoto wa madrasa wanavyosoma Kiarabu. Anselme alikaa amefumba macho, kisha ghafla alinyanyua kidole: “Rudia hapo.” Na pale aliponiambia nirudie, kosa lilikuwepo. Miezi ikapita, nikaanza kusimama mwenyewe kabla ya kidole chake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, na mkinicheka kwa kuongea peke yangu mbele ya skrini, sasa mnajua chanzo chake.

Dispensari moja ya Carama, mtaa wa kaskazini mwa mji, ikaichukua Akiba, ya Mama Espérance, muuguzi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kisha parokia za mlimani, kisha watu wa ng'ambo ya ziwa, Uvira. Baadaye ikaanza kuchukuliwa na watu wa nchi ambazo sikuweza kuzionyesha kwenye ramani. Bwana mmoja wa Brazili, ambaye jina lake sijalitamka sawasawa mpaka leo, alituma marekebisho mara kwa mara, na alijali kabati za dawa za Carama kuliko baadhi ya watu waliokaa ghorofa ya juu yangu.

Anselme alikufa kwa presha, ghafla, akiwa bado na nguvu. Asubuhi alikuwa kazini, jioni tulikuwa hospitali tumeshika ukuta. Nilimpenda kama kaka, na kwa muda mrefu sikuweza kukaa upande wa kulia wa meza tuliyosomea, alikokaa yeye.

Mnajua desturi ya hapa. Baada ya miezi, familia huita watu kuondoa matanga. Hukodishwa ukumbi, watu wa kazini wana meza zao, hunywewa, husemwa. Na kabla ya watu kutawanyika, msemaji wa familia husimama akauliza kama kuna mwenye dai kwa marehemu, au kama kuna jambo marehemu aliloliacha njiani. Swali hilo si la mapambo. Ukinyamaza pale, umenyamaza moja kwa moja. Na ukisema, umesema mbele ya watu waliokunywa pamoja nawe, na watu hao ni mashahidi wako maisha yako yote.

Msemaji alikuwa baba mdogo wa Anselme. Alipouliza, miguu yangu ilinyanyuka kabla ya kichwa kukubali. Mimi, mwanamke wa Kiislamu na Fanta yangu mkononi, katikati ya watu wenye chupa za bia. Nikasema Anselme ameacha programu, dispensari zinaitegemea, na haina mtu. Wengi walidhani nataka kudai kitu. Ndipo Mzee Léopold akasimama taratibu, akaweka glasi yake mezani.

“Anselme alikuwa na mutoto mwengine, mumesikia. Mbele yenu wote nasema: ule mutoto sasa ni wa kampuni. Kila juma, Alhamisi nzima, Mwajuma atamuangalia. Kazi ya maghala siku hiyo itamungojea. Kampuni ikiwa hai, na yeye atakuwa hai.”

Baba mdogo akajibu: “Tumesikia. Na watu wamesikia.” Wakanywa.

Basi huo ndio ulikuwa mkataba. Hakukuwa na karatasi. Wahenga walisema ahadi ni deni, na Mzee Léopold alilipa bila kukumbushwa. Alhamisi ikaitwa Alhamisi ya Anselme, hata na walinzi wa getini. Mtu akija kwangu siku hiyo na shida ya magunia, alirudishwa mlangoni: “Leo ni ya Anselme, rudi kesho.” Mashine ya Akiba, iliyozigawia dispensari nakala mpya, iliwekwa chumba chenye feni nzuri kuliko ya mkurugenzi. Dispensari zilijua siku ya kupiga simu. Mama Espérance alipiga kila Alhamisi, hata asipokuwa na tatizo, ili tu kuhakikisha kuwa nipo.

Watu hudhani programu ikishaandikwa imekwisha, kama ukuta. Ni kweli kuwa yenyewe haiozi. Kinachobadilika ni vyote vinavyoizunguka: kompyuta mpya zinakuja na mambo yao, fomu za ripoti zinabadilishwa, dawa moja inaondolewa na nyingine inaingia. Ukikaa bila kuigusa, siku moja inakataa kufunguka, na huwezi kumpata aliyeiharibu kwa sababu hakuna aliyeiharibu. Kwa hiyo Alhamisi zangu nyingi hazikuwa na kitu cha kusimulia. Nilisoma marekebisho ya watu wa mbali, nikayakubali au nikayarudisha. Kwa kuwa Anselme hakuwepo, kwa miaka kadhaa nilimsomea mlinzi wa zamu, Bonifasi, ambaye alisikiliza kwa heshima kubwa na kulala kwa heshima hiyohiyo.

Kisha akaja Nadine. Baadhi yenu mmefanya naye kazi. Alitoka chuo kikuu akijua mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, na siku ya kwanza nilimpa brashi. Alitazama brashi, akanitazama mimi, akaanza kusafisha bila kuuliza. Nikajua huyu atakaa.

Kesi iliyotutoa jasho ilikuwa ya Carama. Mama Espérance alipiga simu, akaniita kwa jina la binti yangu kama kawaida, na siku hiyo hakuwa na utani.

“Mama Zulfa, programu yenu inanidanganya! Inasema dawa ya malaria iko. Mi nafungua kabati, apana kitu! Iko mama hapa na mutoto anachemka, nimuambie nini? Nimupe ordinateri, hii kompyuta, ameze?”

Nilimwambia ampeleke mtoto hospitali mara moja, asingoje. Alipelekwa, na alhamdulillahi alipona. Tulikwenda Carama mimi na Nadine, tukahesabu kabati nzima kwa mikono, kopo kwa kopo, tukilinganisha na skrini. Tofauti zote zilikuwa za siku ambazo umeme ulikatika. Tuliporudi tukaanza kusoma kwa sauti, Nadine akisoma, mimi nimefumba macho. Alipofika sehemu ya kuhifadhi dawa zinazoingia, kidole changu kikanyanyuka chenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, programu iliporudi iliandika mzigo uleule mara ya pili, na skrini ikahesabu dawa zisizokuwepo. Waandishi wa nchi zenye umeme wa uhakika wasingeliona kosa lile mpaka Kiyama. Tulilirekebisha, tukalituma, na yule bwana wa Brazili akatujibu kuwa kwao pia, vijijini, walikuwa wakiteseka na jambo hilohilo na hawakujua sababu. Nadine alilia kidogo. Mimi nilijifanya natafuta miwani.

Mzee Léopold alistaafu, kampuni ikauzwa kwa wenye kampuni nyingi, wa nje. Akaletwa mkurugenzi mpya, Bwana Thierry, anakaa Kiriri, mtaa wa wakubwa kule juu. Nataka niwe mkweli juu yake: si mtu mbaya. Alinisalimia kila asubuhi, alijua jina la binti yangu. Na Akiba aliipenda. Aliipenda sana, na hapo ndipo ilipoanza kuugua.

Kabla yake hakuna aliyeizungumzia Akiba nje ya Alhamisi. Sasa iliwekewa alama ya kampuni kwenye ukurasa wa mbele, na chini yake maneno haya: *Kwa msaada wa kudumu wa kampuni yetu*, pamoja na namba ya simu. Bwana Thierry aliongea juu yake kwenye mikutano ya hoteli, kukawa na mabango, kukapigwa picha nikiwa nimesimama kando ya ile mashine kama mama wa bibi harusi. Alhamisi nilizoitwa kwenye picha sikusoma kitu. Kisha Alhamisi ikafanywa nusu siku, kwa sababu makao makuu walitaka hesabu ya kazi ya kila mtu kila saa. Kisha ikawa “mukipata nafasi.” Ngoma ivumayo sana haidumu, wazee wa Buyenzi hawakukosea.

Nilikwenda kumwona. Nilimweleza habari ya Anselme, ya matanga, ya neno la Mzee Léopold. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mama Zulfa, nakuelewa. Mais contrat, ule mukataba, iko wapi?”

“Haiko, Directeur. Ilisemwa mbele ya watu.”

“Watu gani?”

“Watu waliokuwa kwenye matanga. Wengi wamekufa. Mi niko.”

Hakucheka, nami namshukuru kwa hilo. Alisugua paji la uso. “Mama, mi ni Murundi, najua neno la matanga ni nini. Lakini kule siège, makao makuu, nitaliandika wapi? Hawana pahali pa kuliweka.”

Nilitoka pale nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kukaa, maana alikuwa amesema kweli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliokuwa mbali waliona Akiba ni nyepesi, inaelea yenyewe.

Nilibakiwa na jambo moja tu la kupigania kabla ya kustaafu: Nadine apewe Alhamisi. Sikutaka zaidi ya hapo. Mtu mmoja, siku moja, na mwingine wa kumsomea. Niliomba kwa mdomo, nikaomba kwa maandishi kama wanavyopenda, nikajibiwa kuwa ombi liko njiani. Liko njiani mpaka leo, nadhani limekosa mafuta.

Siku ya kuniaga mlikuwepo. Mliona keki, mliona kitenge na mwavuli mlivyonipa, na nawashukuru, mwavuli ni mzuri. Mlimsikia Bwana Thierry akisema kampuni itaendelea kuisaidia Akiba à long terme, yaani kwa muda mrefu, na mlipiga makofi, nami nikapiga. Mnakumbuka pia kwamba nilipopewa nafasi ya kusema sikutoa shukrani kama ilivyo kawaida. Wengine mlidhani nimechanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa. Niliuliza swali la matanga.

“Mi naondoka. Iko kazi ninayoiacha njiani, munaijua wote. Nani anaichukua?”

Nadine alisimama. “Mi niko tayari, Directeur. Munipe tu ile Alhamisi.”

Bwana Thierry alitabasamu, akamgusa bega. “Nadine, on verra, tutaona. Leo ni siku ya Mama.”

Nilingoja mtu aseme “tumesikia.” Nilingoja kwa kweli, nikiwatazama mmoja mmoja. Mlitazama sahani. Siwalaumu, mna watoto, mna kodi za nyumba. Kisha mtu akawasha muziki.

Nilirudisha funguo, beji na maneno ya siri yote, kama sheria inavyotaka, na ya Akiba nilimpa Nadine mkononi. Alipelekwa kwenye programu ya ankara za wateja. Aliivumilia kwa muda, akapata kazi nje ya nchi, akaenda. Alipita Buyenzi kuniaga, akakaa kwenye jamvi langu bila kunywa chai aliyomiminiwa. “Mama, nisamehe,” akasema. Nikamwambia hana kosa, aende, Mungu amlinde. Funguo za Akiba, yale maneno ya siri, naye alizirudisha ofisini, kama sheria inavyotaka.

Mama Espérance alinipigia simu Alhamisi moja, baada ya mvua kuanza. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa, wafadhili wa parokia wakamletea mpya, na Akiba haikufunguka. Nilipanda basi lililopatikana mpaka Kinama, jirani na Carama, na palipobaki nikapatembea chini ya ule mwavuli wenu. Nilimkuta amekaa mbele ya skrini, foleni ya akina mama imejaa kwenye benchi nje, watoto migongoni.

Akiba ilifungua ukurasa wa mbele, alama ya kampuni ikatokea, yale maneno ya msaada wa kudumu yakatokea, na hapo ikasimama. Nilichukua simu yangu nikaingia pale ambapo marekebisho yanayotumwa hungojea kusomwa. Pale pako wazi kwa kila mtu. Ndiyo maana ya programu huria. Rekebisho lilikuwepo. Yule bwana wa Brazili alikuwa amelituma zamani, la tatizo hilohilo, la kompyuta hizohizo. Nililisoma kwa sauti palepale, mstari kwa mstari, na Mama Espérance akanisikiliza kwa kukosa la kufanya. Lilikuwa sawa. Lilihitaji mtu mwenye funguo abonyeze mara moja. Chini yake alikuwa ameandika kwa Kifaransa chake cha kuungaunga: *Kuna mtu?* Na chini ya hapo, wiki kadhaa baadaye, tena: *Kuna mtu?*

Mtaniambia msimbo, yale maandishi ya programu, ni wa wote, ningechukua nakala nikaanzisha Akiba nyingine nyumbani. Naweza, na huenda kwa Carama nitafanya hivyo, macho yakiniruhusu. Lakini dispensari zote zinangoja nakala zinazotoka kwenye mashine ya kampuni. Kwa hizo nyingine ingenibidi niende mlango kwa mlango, mlima kwa mlima, na magoti haya. Mlango wa Akiba uko wazi kwa dunia nzima, na ndani hamna mtu.

“Sasa, hii namba hapa chini,” Mama Espérance akasema, akigusa skrini kwa kucha. “Si wameandika msaada wa kudumu? Tuwaite basi.”

Nilijua namba ile. Sikumwambia. Akapiga, akaweka sauti ya nje. Akapokea Joselyne wa mapokezi, mnamjua, msichana mwenye heshima zake. Mama Espérance akaeleza. Joselyne akamwomba asubiri, akaiunganisha simu na chumba cha Akiba. Ikalia. Niliisikia ikilia ndani ya chumba ninachokijua, juu ya meza ninayoijua, upande wa kulia. Ikalia mpaka Joselyne akaichukua tena.

“Mama, hakuna mutu kule. Mungojee… ile simu alikuwa anaipokeaka Mama Zulfa peke yake. Alisha kwenda retraite. Nikupe numero yake?”

Mama Espérance akanitazama. Nje mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akambembeleza kwa Kirundi.

“Apana,” akamjibu Joselyne. “Mwenyewe iko hapa.” Akakata simu. Kisha akaniuliza polepole, “Sasa, Mama Zulfa, tutamuita nani?”

Niliuliza kama bado kuna fishi. Akafungua droo ya chini, akatoa furushi la makaratasi magumu ya zamani, yamekunjamana kwa unyevu. Nikavuta kiti, nikafungua kabati la dawa, nikaanza kumsomea kwa sauti yaliyomo, kopo kwa kopo, naye akiandika.